Una Faili la Mikopo, Lidai!

Makamanda, kila siku tunalia kausha damu, kausha damu. Ila ukimuuliza kijana wa Kilosa rekodi yake ya mikopo ikoje, atakushangaa. Rekodi ipi tena?

Ipo. Tangu mwaka 2012 kuna kanuni za Benki Kuu kuhusu taarifa za wakopaji. Benki inalazimika kupeleka taarifa zako: umekopa kiasi gani, unalipaje, umechelewa wapi. Kampuni yenye leseni, kama Creditinfo, inazichakata na kukupa alama. Ukiomba mkopo, unachunguliwa humo kabla hujajibiwa.

Sasa ubaya uko wapi? Mama yangu mdogo anauza chakula Mikumi, barabarani, kwa madereva wa malori ya Zambia. Kila wiki anapeleka rejesho kwa mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni. Hajawahi kuruka hata wiki moja. Uaminifu wote huo haujaandikwa popote! Akienda benki anaonekana mgeni, anaambiwa alete hati ya nyumba. Anarudi kulekule kwenye riba ya kuua. Maskini akilipa haonekani. Akikwama, vyombo vyake vinabebwa.

Na serikali ya CCM inafanya nini? Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Sawa, ila kufungia peke yake hakumpi mama mtaji. Mwaka 2023 mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimamishwa nchi nzima, baada ya kuibuka vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Aliyelipa na aliyetafuna wakachapwa fimbo moja. Haki gani hiyo?

Tunataka mambo mawili. Kwanza, kila kikundi kinachorejesha mkopo wa Halmashauri ya Kilosa kiandikiwe sifa hiyo kwenye mfumo, na sifa hiyo iwafuate wanachama wake hadi benki. Pili, raia aweze kupata ripoti yake kwa simu ya kitochi, kwa Kiswahili chepesi.

Wakati tunadai, tujilinde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazotunzwa, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Itumie. Omba ripoti yako kabla hujaomba mkopo. Mkopo wa simu nao ni mkopo, ulipe kwa wakati. Ukimaliza deni, dai barua ya kumaliza. Na usimkopee rafiki kwa jina lako. Akiingia mitini, deni ni lako.

Diwani akija kwenye mkutano kijijini kwenu, nyoosha mkono umuulize: vikundi vilivyorejesha ni vingapi, na vimeandikwa wapi? Akibabaika, msimwachie kipaza sauti aondoke nacho. Muulizeni tena.