Ghala Lenye Macho: Teknolojia Mpya na Hadhi ya Mfanyakazi

Ghala si neno geni katika Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo tunamkuta Yosefu akijaza nafaka katika maghala ya Misri kwa miaka saba, ili watu wasiangamie kwa njaa katika miaka saba iliyofuata. Katika kitabu cha Kutoka tunawakuta wana wa Israeli wakimjengea Farao miji ya akiba, matofali yao yakihesabiwa kila siku na viboko vikitembea pale idadi isipotimia. Na katika Injili ya Luka, sura ya 12, tunamsikia tajiri anayebomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, asijue kwamba usiku ule ule roho yake itatakiwa. Ghala, basi, laweza kuwa mahali pa huruma, pa utumwa au pa upumbavu. Maghala matatu hayo yanatusaidia kutafakari juu ya mageuzi makubwa yanayotokea leo katika kazi ya kuhifadhi na kusafirisha bidhaa.

Wengi wetu tunalifahamu ghala la kawaida: mtunza stoo na leja yake, vibarua wanaobeba magunia mabegani, na hesabu ya mwisho wa mwezi ambayo mara nyingi hailingani na mzigo uliopo. Katika ghala la kisasa mambo yamebadilika. Kila kifurushi kina kibandiko kinachosomwa na mashine. Vihisi vidogo hupima joto na unyevu usiku na mchana. Roboti, mizani, milango na simu za wafanyakazi vimeunganishwa kwa mtandao mmoja, na kompyuta hujua papo hapo ni mzigo gani uko rafu ipi na umebaki kiasi gani.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa kampuni ya Amazon ya Marekani. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunua kiwanda cha roboti kiitwacho Kiva Systems kwa dola za Marekani milioni 775. Hapo awali mfanyakazi alitembea kilomita nyingi kwa siku akitafuta bidhaa kati ya rafu. Roboti hizo ziligeuza utaratibu huo: huingia chini ya rafu, huiinua na kuipeleka pale mfanyakazi aliposimama. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja katika vituo vyake. Idadi hiyo inaikaribia ile ya wafanyakazi wake wote duniani, ambao ni takriban milioni moja na nusu.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Ghala linalojua hali ya mzigo wake linaweza kuokoa uhai. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki dunia kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kihisi kinachomwonya mtunza ghala kwamba unyevu umepanda kabla ukungu haujaonekana kwa macho ni kazi njema ya akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, damu ya kuongezewa wagonjwa huhifadhiwa katika kituo chenye ubaridi, na hospitali ya mbali inapoiomba hupelekwa kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua haulizi kama teknolojia hiyo ni ya kisasa kupita kiasi. Hapa tunaliona ghala la Yosefu.

Lakini jicho lile lile linaloangalia mzigo laweza kugeuzwa limwangalie mtu. Mwezi Januari 2024, mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza kuitoza faini ya euro milioni 32 kampuni tanzu ya Amazon inayosimamia maghala yake makubwa nchini humo. Wafanyakazi walitumia skana za mkononi kusajili kila bidhaa, na kila tendo la skana liliandikwa katika kumbukumbu. Kipimo kimoja kilitoa alama ya kosa ikiwa mfanyakazi alisoma bidhaa chini ya sekunde 1.25 baada ya ile iliyotangulia. Kingine kilionyesha skana iliyokaa kimya kwa dakika kumi au zaidi, na kingine kilihesabu vituo vifupi vya kati ya dakika moja na kumi. Mamlaka iliona kwamba mfanyakazi aliwekwa katika hali ya kuweza kudaiwa maelezo ya kila pumziko. Kampuni ilipinga uamuzi huo, ikisema kwamba mifumo ya namna hiyo ni ya kawaida katika sekta yake na inahitajika kwa usalama na ubora wa kazi.

Tukirudi katika sura ya tano ya kitabu cha Kutoka, tunakuta jambo la kushangaza. Musa na Haruni walipoomba watu waachiwe waende kumwabudu Mungu jangwani, Farao alijibu kwamba hao ni wavivu. Akaamuru wasipewe tena majani makavu, lakini idadi ya matofali ibaki ile ile. Kwa Farao, muda ambao mikono ya mtu haitoi tofali ulikuwa ni uvivu tu. Hakuona mtu anayechoka, anayesali, anayemkumbuka mwanawe mgonjwa. Mashine haina ubaya wa Farao, kwani haina moyo wala nia. Anayepanga ipime nini, na anayeamua kipimo hicho kitumikeje, ndiye atakayejibu mbele ya Mungu.

Mama Kanisa amelitafakari suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika Waraka wake Rerum Novarum, alitetea ujira wa haki, mapumziko na haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeitenda, na kwamba kazi ina kipaumbele juu ya mtaji. Alionya pia kuwa teknolojia, iliyo rafiki wa mfanyakazi, yaweza kugeuka adui wake inapompokonya ubunifu na wajibu. Papa Leo XIV, siku chache baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya Leo XIII, kwa kuwa akili mnemba na mapinduzi mapya ya viwanda yanaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani. Tunaona kinyume chake. Mahali ambapo kibarua hulipwa kidogo, roboti ya mamilioni itachelewa kuja, kwa maana mabega ya watu ni nafuu kuliko mashine. Lakini kipimo hakitachelewa, kwani kinahitaji simu na programu tu. Vijana wetu wa bodaboda wanaopata abiria kwa njia ya simu wanajua tayari maana ya kupewa alama na mfumo usiosikiliza maelezo. Wapo pia ndugu zetu waliohamia ughaibuni wanaopata riziki katika maghala hayo hayo.

Sheria inaweza kusaidia. Katika jimbo la California, tangu tarehe 1 Januari 2022, mwajiri wa ghala kubwa analazimika kumweleza mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachodaiwa, na haruhusiwi kuweka kiwango kinachomnyima muda wa kula, kupumzika au kwenda msalani. Kwetu, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Taarifa za mwenendo wa mfanyakazi nazo ni taarifa binafsi; VIWAWA na vyama vya wafanyakazi wangefanya vema kuwafundisha vijana jambo hilo.

Kwa waamini walio waajiri tunasema: pimeni unyevu wa mahindi, pimeni joto la dawa, hesabuni mizigo kwa uaminifu. Kabla ya kumpima mtu, mwambieni mnapima nini na kwa nini, na awepo binadamu wa kumsikiliza kabla ya kuadhibiwa. Mashine ikipunguza kazi ya vibarua kumi, sehemu ya faida yake iwasomeshe ufundi mpya hao kumi. Na sisi wanunuzi, tunaotaka kila kitu kifike leo kwa bei ndogo kabisa, tujiulize ni nani anayekimbia kwa ajili yetu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyeijua karakana na uchovu wake, atuombee.