Meseji Si Pesa: Somo Kutoka kwa Sarafu za Hispania

Mwaka jana niliuza viatu mtandaoni. Mteja alipofika, meseji iliingia kwenye simu yangu: umepokea Sh1,800. Nikampa viatu, akaenda zake. Jioni nikacheki salio. Lilikuwa lilelile la asubuhi.

Tangu siku hiyo, nawaheshimu sana watu wanaokusanya sarafu za kale za Hispania. Hawa hawadanganywi na sura.

Sarafu hizo za fedha za miaka ya 1500 na 1600 zilipigwa kwa nyundo, moja moja, kwa hivyo hakuna mbili zinazofanana. Mkusanyaji hutafuta kwanza herufi mbili. Moja ni ya mji, kama P ya Potosí, ambayo leo iko Bolivia. Nyingine ni ya mkaguzi aliyethibitisha kwamba fedha ni safi. Lakini haishii hapo. Anaipima: sarafu ya reale 8 inafaa kukaribia gramu 27. Anaangalia ukingo pia, kwa sababu mshono hapo unaonyesha imemiminwa kwenye kalibu, yaani ni feki.

Mbona asiamini herufi tu? Uliza watu wa miaka ya 1640. Sarafu za Potosí zilitoka na alama halali kabisa, kumbe ndani fedha ilikuwa pungufu. Wizi ulipofichuka, mkaguzi Felipe Ramírez de Arellano na tajiri Francisco Gómez de la Rocha walihukumiwa kifo. Halafu sarafu zikashushwa thamani, na hasara ikamfuata kila aliyekuwa nazo mfukoni, hata asiye na hatia.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Meseji ni alama tu. Salio ndilo fedha yenyewe.

Kuna wanaosema kuzuia matapeli ni kazi ya kampuni. Ni kweli, na hatuikwepi. Lakini pale dukani, mteja akiwa amesimama mbele yako na mzigo mkononi, ni wewe tu unayeweza kuhakikisha.

Basi fanya hivi. Kabla ya kutoa bidhaa, fungua menyu mwenyewe ucheki salio. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la unayemtumia. Ukipigiwa simu urudishe pesa "zilizotumwa kimakosa", usirudishe chochote kabla ya kuhakikisha kwamba ziliingia kweli.

Na usione haya kumwambia mteja, "Ngoja kidogo niangalie." Mwenye pesa halali hataudhika.