Umri wa Kombe na Umri wa Mahari



Mwezi Oktoba mwaka 2022, wasichana wa Tanzania walikwenda India. Walikwenda kucheza mpira wa miguu katika Kombe la Dunia la wasichana wa umri chini ya miaka 17. Timu yao inaitwa Serengeti Girls. Kabla ya hapo timu yetu ya taifa ya wanaume haikuwahi kufika Kombe la Dunia. Wala ile ya wanawake wakubwa haikuwahi. Watoto wa kike ndio waliofika kwanza.

Labda uliwasikia redioni. Labda ulikuwa shambani na hukusikia. Basi nikueleze kidogo.

Ili kwenda India, ilibidi kwanza waitoe Kameruni. Waliifunga huko huko kwao, Yaoundé, mabao 4 kwa 1. Wakaifunga tena Zanzibar bao 1 kwa 0. Huko India mchezo wao wa kwanza ulikuwa Oktoba 12, na Japani. Walifungwa mabao 4 kwa 0. Ukifungwa mabao manne siku ya kwanza, ni rahisi kukata tamaa. Wao hawakukata tamaa. Siku tatu baadaye walicheza na Ufaransa, nchi ambayo wasichana wake walikwisha kulitwaa kombe hilo mwaka 2012. Diana Mnally alifunga bao la kwanza. Christer Bahera akafunga la pili kwa penalti. Tanzania 2, Ufaransa 1! Kisha wakatoka sare na Kanada, 1 kwa 1. Bao letu siku hiyo lilifungwa na Veronica Mapunda. Basi wakaingia robo fainali, yaani walikuwa katika timu 8 zilizobaki kati ya timu 16. Hapo Kolombia ikawatoa kwa mabao 3 kwa 0. Kocha wao alikuwa Bakari Shime.

Hizo ni habari za mpira. Mimi nataka tuzungumze habari ya umri wao.

Katika mashindano yale, msichana aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 2005 hakuruhusiwa kucheza. Aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 2007 naye hakuruhusiwa. Piga hesabu. Wachezaji wote walikuwa na miaka 14 hadi 17. Nchi zote zilikubaliana kwamba hawa bado ni watoto. Ndiyo maana wametengewa kombe lao, wasije wakagongana na watu wazima. Msichana wa miaka 15 bado anakua. Mifupa yake haijakomaa.

Sasa nakuuliza wewe wa Shinyanga, wewe wa Kahama, wewe wa Bukombe na Geita. Msichana wa miaka 15 hapa kwetu yuko wapi?

Mwaka 2010 ulifanyika utafiti wa afya wa nchi nzima. Wakati huo mkoa wa Geita ulikuwa haujaundwa, na Bukombe ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliulizwa waliolewa lini. Katika mkoa wa Shinyanga, karibu 59 kwa kila 100 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni karibu sita kwa kila kumi. Hakuna mkoa uliotushinda. Kama lingekuwa kombe la kuoza watoto, sisi tungelichukua.

Najua jibu la baba wengi. Ng'ombe. Mvua imekosa, pamba imeanguka bei, na kaka yake binti naye anataka kuoa. Ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kwa kaka. Siwadharau wanaosema hivyo. Njaa siyo maneno. Lakini upande wa machimbo ya dhahabu mara nyingine hakuna hata ng'ombe. Kuna kijana aliyepata dhahabu wiki hii. Ana fedha mkononi. Ananunua soda, ananunua kanga, ananunua simu. Mwezi ujao shimo limejaa maji. Kijana amehamia machimbo mengine, na binti amebaki na mimba nyumbani kwa mama yake.

Utasema, sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mzazi akikubali. Mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema jambo hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu: iwe miaka 18 kwa wote wawili. Tena, tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inasema kwamba mtu akimwoa mwanafunzi au akimpa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Lakini wewe na mimi tunajua mambo yalivyo. Mahakama iko mjini. Harusi inafanyika kijijini, usiku, na shahidi ni shangazi.

Kwa hiyo nasema, kila kijiji kiwe na timu ya mpira ya wasichana. Usicheke. Nitakueleza sababu.

Wazee wanakumbuka jinsi Sungusungu ilivyoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa. Kijiji hiki kinapokea, kijiji kile kinapokea. Nyayo zinafuatwa mpaka ng'ombe wapatikane. Mwanamume asiyetoka anatozwa faini. Lakini binti wa miaka 15 akiondoka alfajiri na kanga zake mbili ndani ya mfuko, nani anapiga yowe? Jirani anasema, "Ameolewa." Kisha kila mtu anashika jembe lake.

Timu haisemi hivyo. Timu ina wachezaji 11 na wengine wa akiba. Golikipa asipofika mazoezini Jumanne, kumi wanauliza yuko wapi. Asipofika tena Alhamisi, wanakwenda kwao. Wasichana wanaambiana siri. Watajua habari za posa kabla mwalimu hajajua, na kabla mwenyekiti wa kijiji hajajua. Watakwenda kwa mwalimu kumi pamoja. Msichana mmoja akilia, anaambiwa anyamaze. Kumi huwezi kuwanyamazisha. Mimi faida hii naiweka mbele ya kombe lolote.

Sasa nisikie maneno yako.

Unasema mpira utaharibu uzazi wake. Nani alikuambia? Binti huyo huyo anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka lambo. Anapalilia pamba tangu asubuhi. Anatwanga. Hujasema hata siku moja kwamba jembe linaharibu uzazi. Kinachoharibu ni kuzaa wakati nyonga zake bado ni nyembamba. Muulize mkunga, atakuambia. Mtoto anakwama siku mbili. Mtoto anakufa, na mama akipona anapona na fistula. Mkojo unatoka bila yeye kuuzuia. Mume aliyetoa ng'ombe anamrudisha kwao. Je, mpira umewahi kumfanyia binti jambo kama hilo?

Unasema kaptula ni aibu. Hili ni dogo. Wapo wasichana wanaovaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptula, na kitambaa kichwani. Tangu mwaka 2014 sheria za mpira zinaruhusu kitambaa hicho. Kaeni wazazi, mkubaliane nguo, mambo yaishe.

Unasema kazi za nyumbani nani atafanya. Hili ni la kweli, na hapa ndipo timu nyingi zinapokufa. Saa kumi jioni ni saa ya maji na kuni. Mimi nasema hivi: siku mbili kwa wiki kaka zake wachote maji. Utaona watakavyonuna! Lakini fikiri. Miaka yote wavulana wamecheza jioni, na dada zao wamechota maji ya kuwaogesha. Siku mbili hazitawavunja shingo.

Wala usiseme kushindana si desturi yetu. Huku Usukumani tumeshindana ngoma tangu zamani, Bagika kwa Bagalu. Baada ya mavuno watu hutembea mwendo mrefu kwenda kutazama nani ataacha uwanja mtupu. Na wanawake hucheza.

Jambo moja sitakudanganya. Mpira si mgodi. Ni kweli kwamba Aisha Masaka alitoka Yanga Princess, akaenda kucheza Sweden mwaka 2022, kisha Uingereza mwaka 2024. Lakini yeye ni mmoja. Wewe unayeishi karibu na machimbo unajua hesabu hiyo. Wanaochimba ni wengi, wanaopata ni wachache, na jina la aliyepata ndilo linalotembea. Ukimwambia binti kwamba mpira utamfanya tajiri, umekuwa kama dalali anayeuza shimo ambalo hajalichungulia. Mwambie kwamba atacheza, atasoma, atafika miaka 18 akiwa na akili zake. Akionekana ana kipaji, njia ipo. Shule za msingi zina mashindano ya UMITASHUMTA, sekondari zina UMISSETA. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016 na 2017. Mwanza, ambako si mbali na kwetu, timu ya Alliance Girls imecheza katika ligi hiyo.

Tena tusifumbe macho. Mwanamume anayepewa wasichana ishirini kuwafundisha anaweza kuwa mwema. Anaweza pia kuwa fisi. Kwa hiyo kamati ya timu iwe na akina mama, tena wenye sauti. Timu isisafiri bila mama mmoja kwenda nayo. Mazoezi yaishe jua likiwa bado liko juu. Kocha akisema masharti haya yanamkera, tafuteni kocha mwingine siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo la karatasi, na karatasi hii ni kubwa kuliko mpira wenyewe. Nasema juu ya cheti cha kuzaliwa.

Majina yetu yanasema mengi. Ukimwita mtoto Kabula, kila mtu anajua alizaliwa wakati wa mvua. Ukimwita Limi, tunajua alizaliwa wakati wa jua. Lakini mvua ya mwaka gani? Jua la mwaka gani? Jina halisemi. Ndipo baba mwenye haraka ya ng'ombe anapomwambia mtendaji, "Huyu ana miaka 18." Mama ananyamaza. Nani atabisha, na kwa ushahidi gani? Binti mwenyewe hana chochote mkononi.

Na timu ya taifa nayo itamwuliza swali lile lile: ulizaliwa lini? Msichana anaweza kupiga mpira ukachana nyavu. Kama hana cheti, hapati pasipoti, na bila pasipoti hapandi ndege. Karatasi inayomfungulia mlango wa kombe ndiyo inayomfungia mlango yule mwenye kuleta posa. Ni karatasi moja.

Mtoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa bure. Mpango huo ulikwisha kuletwa Shinyanga na Geita. Uliza katika kituo cha afya au ofisi ya kata. Kwa mtoto mkubwa, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Chukua kadi ya kliniki kama unayo, au cheti cha ubatizo, na barua ya mtendaji. Wewe sasa unajua kusoma. Cheti kikitoka, kisome kabla hujaondoka dirishani. Angalia jina. Angalia mwaka. Namba moja ikikosewa, kuirekebisha ni safari nyingine na nauli nyingine. Kisha kiweke mahali ambapo mama na binti wanapajua. Kisikae kwa baba peke yake.

Zamani kombe hili la wasichana lilifanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2024 lilifanyika Jamhuri ya Dominika, na wasichana wa Kenya walikwenda kwa mara ya kwanza. Waliifunga Meksiko mabao 2 kwa 1. Tangu mwaka 2025 limekuwa la kila mwaka, nalo lina timu 24. Moroko imepewa kuliandaa hadi mwaka 2029. Kwa hiyo kila mwaka kuna wasichana wanaofikia umri wake, na kila mwaka kuna wanaoupita.

Sasa chukua kalamu na daftari. Andika mwaka aliozaliwa binti yako. Ongeza 17. Aliyezaliwa mwaka 2012, kwa mfano, anaruhusiwa kucheza hadi kombe la mwaka 2029. Chini ya jibu lako andika tena mwaka wa kuzaliwa, na sasa ongeza 18. Mwonyeshe binti yako miaka hiyo miwili. Kisha mwonyeshe na baba yake.