"Mimi Ninajiweza"



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliketi katika ofisi ya msikiti tukiandika barua. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja na mwanawe, kijana wa miaka kumi na minne mwenye uoni hafifu, akaomba kamati imwandikie barua ya utambulisho apate kuipeleka kwa wahisani. Barua za namna hiyo tumeziandika nyingi, na kalamu yetu imekwisha kuzoea njia. Tukaandika jina, umri na mtaa, kisha tukaandika kwamba mtajwa ni kijana asiyejiweza. Na kwa kuwa ni desturi yetu kumsomea mwenye shida barua yake kabla ya kugonga mhuri, tukaisoma kwa sauti.

Kijana alikuwa kimya muda wote. Tulipofika kwenye neno lile akainua uso, akasema kwa adabu, "Samahani Ustadh, mimi ninajiweza. Ni macho tu hayaoni vizuri."

Mama akamkemea kwa kusema mbele ya wakubwa. Sisi tukakosa la kujibu. Tukaiweka barua chini ya kitabu cha risiti bila mhuri, tukamwomba mama arejee Jumamosi.

Usiku ule tulikumbuka mbio moja ambayo ilizungumzwa sana dunia nzima, na ambayo tunadhani kila mzazi mwenye mtoto wa aina hii anastahili kuijua. Tarehe 11 Septemba, 2016, katika Michezo ya Paralimpiki mjini Rio de Janeiro, ilikimbiwa fainali ya wanaume ya mita 1500 kwa wenye uoni hafifu, daraja la T13. Mshindi alikuwa Abdellatif Baka wa Algeria, aliyemaliza kwa dakika 3 na sekunde 48.29, ikawa rekodi ya dunia ya daraja hilo. Nyuma yake alifika Tamiru Demisse wa Ethiopia, kisha Henry Kirwa wa Kenya, na wa nne akawa Fouad Baka, ndugu yake mshindi, kwa dakika 3 na sekunde 49.84.

Majuma matatu kabla ya hapo, katika mji ule ule, Matthew Centrowitz wa Marekani alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 50.00. Kwa hesabu hiyo watu wanne wenye uoni hafifu, akiwemo yule aliyeondoka bila medali yoyote, walikimbia kwa muda mfupi kuliko bingwa wa Olimpiki wa mwaka huo.

Habari hiyo ikaenea upesi, na wengi wakaihitimisha kwa kusema kwamba wenye ulemavu wamewashinda wazima. Hapa, ndugu msomaji, tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu sifa iliyozidi nayo ni aina ya dhuluma. Fainali ya Olimpiki haina mtu aliyewekwa kuvuta kasi, na medali hutolewa kwa nafasi wala si kwa muda. Siku ile wakimbiaji walitegeana. Hakuna aliyetaka kuongeza kasi mapema, na mizunguko ya mwanzo ikapita polepole mno. Kisha katika mzunguko wa mwisho Centrowitz alifyatuka, akaumaliza chini ya sekunde 51. Rekodi ya dunia ya umbali huo, iliyowekwa na Hicham El Guerrouj wa Morocco mwaka 1998, ni dakika 3 na sekunde 26.00. Kwa hiyo mbio zile mbili hazikuwa mtihani mmoja, na anayezilinganisha kwa saa peke yake hakuzielewa.

Je, kwa kusema hivyo tumempunguzia Baka heshima yake? La, hasha. Tumemrudishia iliyo yake. Yeye na wenzake hawakutegeana. Walikimbia kwa nguvu tangu mapema, na saa ikawashuhudia. Hakuhitaji kushindanishwa na Mmarekani ndipo aonekane kuwa mwanariadha. Miaka minne kabla ya hapo, mjini London, alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya mita 800 katika daraja lake. Mtu wa namna hiyo haombi kuhurumiwa, wala haombi kutiwa chumvi. Anataka apimwe kwa kipimo sahihi.

Na kipimo hicho kipo. Riadha ya watu wenye ulemavu huanza kwa uchunguzi wa macho na kumpanga kila mtu mahali pake. Daraja la T11 ni la wasioona kabisa, au wanaoona mwanga tu. T12 ni la wenye uoni mdogo sana. T13 ni la wenye nafuu kuliko hao, lakini nafuu hiyo isikudanganye: hata mwenye kuona vizuri zaidi katika daraja hilo huenda akahitaji kusogea mita 6 ili akione kitu ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Wengine shida yao haipo katika umbali bali katika upana. Huona mbele yao kama mtu anayechungulia bombani. Wa T13 hukimbia peke yao, bila kushikwa mkono. Wa T12 huweza kuchagua kuwa na mwongozaji. Wa T11 hukimbia naye, na katika mita 1500 hufunikwa macho, ili aonaye mwanga kidogo asipate faida juu ya asiyeona kitu.

Tazama uadilifu uliomo katika mpango huo. Hakuna aliyeambiwa "wewe huwezi" kwa jumla jumla. Kila mmoja ameulizwa kwanza: unaona nini, na huoni nini? Sisi katika ofisi yetu hatukumuuliza kijana yule swali hilo hata mara moja. Tulimtazama, tukaandika.

Jumamosi mama alirejea, na tukamsimulia habari hizi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza lililomleta. Mwanawe alikuwa amefaulu kuingia kidato cha kwanza, lakini yeye amemzuia nyumbani. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu, pikipiki haziangalii mtu, na huko shuleni kijana hasomi ubao hata akikodoa macho. Barua ile ilikuwa ya kuombea chakula na nguo, kwa kijana ambaye angekaa nyumbani miaka yote iliyobaki.

Tukamweleza habari ya Mkenya mwingine, Samwel Mushai Kimani, asiyeona kabisa. Mwaka 2012 mjini London alishinda mita 1500 za T11 kwa dakika 3 na sekunde 58.37, rekodi ya dunia wakati huo, na mwaka 2016 huko Rio akashinda tena. Mara zote mbili alikimbia na mwongozaji wake, James Boit, wameunganishwa mikono kwa kamba fupi. Mwongozaji hamvuti mwenzake wala hamsukumi, na sheria inataka asiyeona ndiye atangulie kuvuka mstari wa mwisho.

Mama akatukatiza. "Ustadh katibu, huyo wa Kenya ana mtu wa kumshikia kamba. Wangu atashikiwa na nani?"

Wasomaji wetu, hilo ndilo swali, na tunakiri kwamba hatukuwa na jibu mkononi. Tulikuwa tumekuja na habari za medali kwa mama anayeogopa pikipiki. Hofu yake si ujinga wala si ukosefu wa mapenzi. Ni hesabu ya mtu aliyeachwa peke yake na mzigo. Tukisifu ujasiri wa Kimani tukamsahau Boit, tutakuwa tumesoma nusu ya habari. Mtu mwenye nguvu za kukimbia kasi ile angeweza kutafuta medali yake mwenyewe. Alichagua kuzitumia nguvu hizo ubavuni mwa mwenzake, na kumwacha mwenzake atangulie.

Tukamgeukia kijana, tukamuuliza lile ambalo tulipaswa kuliuliza tangu mwanzo: unaona nini, na huoni nini? Akajibu bila kusita. Anaona mtu akiwa karibu. Anaona gari, ila hajui liko umbali gani. Maandishi makubwa anayasoma akiyasogeza usoni. Ubaoni haoni kitu, ila akisomewa anashika. Akaongeza kwamba jirani yao mmoja anasoma shule ile ile, na huwa wanakimbizana jioni uwanjani, naye hashindwi kila siku.

Basi tukaichana barua ya kwanza na kuandika mbili. Ya kwanza ni ya mkuu wa shule, kuomba kijana aketi mstari wa mbele, asomewe yanayoandikwa ubaoni, na apewe mitihani ya maandishi makubwa. Ya pili ni ya hospitali, kuomba macho yake yapimwe upya, maana mara ya mwisho yalipimwa akiwa darasa la pili. Kuhusu barabara, tulikwenda nyumbani kwa yule jirani, tukazungumza na baba yake mbele ya vijana wote wawili. Wamekubaliana kuongozana asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja, kisha tutazame. Mama hajaridhika kikamilifu. Amesema atawafuata kwa nyuma juma zima la kwanza, nasi tumemwambia ni haki yake.

Tunalolileta kwenu wazazi ni dogo. Mwenye mtoto wa aina hii asikadirie kwa kumtazama tu. Ampeleke apimwe, kisha amuulize mwenyewe. Na asiye na mtoto wa aina hii ajiulize kama kijana wake mzima anaweza kuwa ubavu wa mwingine katika njia ambayo anaipita kila siku.

Barua zote mbili tulimsomea kijana kabla ya kugonga mhuri. Mahali pa neno lile la zamani tumeandika: "Anaona kwa karibu, haoni kwa mbali, na yuko tayari kusoma." Akaomba turudie sentensi hiyo mara ya pili. Tukairudia, akasema, "Hapo sawa, Ustadh."

Wabillahi tawfiq.