Sakafu yenye Joto

Sisi tuliozaliwa penye jua twaweza kucheka, lakini jamaa zetu walio Ubelgiji wanajua jinsi baridi ya Januari inavyopanda miguuni kutoka katika zege. Huko watu hupitisha maji ya moto, digrii 35 hadi 45, katika mabomba membamba chini ya sakafu. Lakini yasilazwe juu ya zege tupu! Joto litashuka ardhini, na baba atalipia kupasha udongo moto. Kwanza yatandikwe mabamba ya povu gumu. Mabomba yajaribiwe kwa maji ya nguvu kabla ya kufunikwa, maana tundu likionekana baadaye, sakafu huvunjwa. Simenti ikiisha kumwagwa, ingojewe siku 21 ndipo moto uwashwe, isije ikapasuka. Watoto watatetemeka siku zote hizo. Kwa hiyo tunawashauri waanze kazi Agosti, siyo Desemba.