Baraza likivunjwa, vitu vyake ni vya nani?

Ndugu msomaji, mtu akifariki huacha warithi, na warithi wasipopatana iko mahakama ya kuwaamua. Lakini je, baraza la serikali za mitaa likifa, ni nani hukaa matanga yake? Nani hurithi kigoda chake, kengele yake, picha zilizotundikwa ukutani na madaftari yaliyojaa kabatini? Swali hili niliulizwa na mzee mmoja huko Tosamaganga, na tangu siku hiyo halijanitoka moyoni.

Kwa wale wasiopafahamu, Tosamaganga ni kilimani, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, penye misheni kongwe, hospitali, na shule ya sekondari iliyosomesha vijana wengi wa nchi hii. Mzee huyo alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake ili awe karibu na hospitali. Baada ya kuamkiana "Kamwene", alinieleza kwamba katika ujana wake alikuwa tarishi wa halmashauri moja ya wilaya katika nyanda hizi za juu. Kisha akamwagiza mjukuu wake alete kigoda cha mti na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na kengele ndogo ya shaba, muhuri wa mpira uliopasuka, picha ya wajumbe wamesimama mbele ya ofisi, na madaftari matatu ya kodi ya kichwa.

"Sikuiba, mwanangu," alisema kabla sijamwuliza. "Niliviokota nyuma ya ofisi. Magari yalihesabiwa, mashine za chapa zikahesabiwa. Hivi havikuwa na mtu."

Yafaa tukumbuke habari yenyewe. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Halmashauri za wilaya zikaendelea hadi mwaka 1972, nazo zikavunjwa ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani. Za miji zikafuata. Serikali za miji zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, na halmashauri za wilaya zikaanza upya mwaka 1984 kwa sheria iliyotungwa mwaka 1982. Basi halmashauri za wilaya zilikaa kaburini miaka 12 ndipo zikafufuka. Katika miaka 12 watumishi huhamishwa, wengine hustaafu, wengine hufariki. Jengo halipotei, kwa maana halibebeki. Kigoda hubebeka.

Mzee hakuwa na haja ya kusifiwa. Alikuwa na shida. Mjukuu mmoja amepata mnunuzi wa vinyago anayekitaka kigoda. Jirani anayeuza karanga ameomba madaftari apate karatasi za kufungia. Naye mzee, afya yake ikizidi kudhoofika, hajui amkabidhi nani. "Waliokuwa wenyewe hawapo," alisema. "Na hawa wa sasa hawajui kama vilikuwapo."

Ndugu msomaji, kuna wanaosema vitu vya namna hii ni takataka tu. Ningewaomba watelemke hadi Kalenga, ambayo haiko mbali na Tosamaganga, walitazame fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Ikapita miaka 35. Gavana Twining alipolifuata katika makumbusho ya Bremen, ilibidi litafutwe miongoni mwa mafuvu mengine mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale pale Kalenga.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, mstari mmoja ulioandikwa katika mkataba ulilihifadhi dai la Wahehe kwa miaka yote hiyo. Usingaliandikwa, dai hilo lingalikuwa dhaifu mno. La pili, kitu kikikaa bila maelezo yake, hata kichwa cha mtawala aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 huwa fuvu moja tu rafuni kati ya mengine. Sembuse kigoda cha baraza!

Wenzetu wengine walitangulia kuhesabu. Baraza Kuu la London lilipovunjwa mwaka 1986, nyumba ya Kenwood pamoja na michoro yake, ukiwamo ule ambao Rembrandt alijichora mwenyewe, ilikabidhiwa chombo cha taifa cha kuhifadhi mambo ya kale, na hadi leo wananchi huitembelea. Jirani zetu wa Kenya, kabla ya kuvunja mabaraza yao mwaka 2013 na kuweka serikali za kaunti, walitunga sheria mwaka 2012 iliyounda Mamlaka ya Mpito. Moja ya kazi zake ilikuwa kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza, na mali hizo zisihamishwe bila idhini yake.

Nasi tusidhani kwamba mambo haya ni ya zamani. Kilolo ilimegwa kutoka wilaya ya Iringa mwaka 2002. Mwaka 2012 Njombe ikawa mkoa, na mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kila mpaka unapochorwa upya, kuna kabati linalofunguliwa na vitu vinavyotolewa nje. Hapana budi hesabu ifanyike kabla ya kuvunja, wala si baada yake, na ndani ya hesabu hiyo waandikwe pia kigoda na picha, si matrekta na meza peke yake.

Kwa upande wetu sisi wenye nyumba, huenda baba au babu alikuwa karani, jumbe, tarishi au mzee wa baraza. Chungulieni masandukuni. Mkikuta kitu, msikiuze wala msikisugue kwa mchanga ili king'ae. Andikeni ni kitu gani, kilitumika wapi, nani alikitumia na kilifikaje nyumbani. Kipigeni picha. Kisha mwendeeni afisa utamaduni wa wilaya, au makumbusho iliyo karibu. Pale Iringa, Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 limekuwa nyumba ya makumbusho tangu mwaka 2016. Mkikabidhi, ombeni hati yenye sahihi, nanyi mbaki na nakala.

Ndivyo tulivyofanya na yule mzee. Mjukuu wake, yule yule aliyetaka kuuza, ndiye aliyeshika kalamu. Tulipofika kwenye kigoda akaandika: "Kigoda cha mwenyekiti wa baraza." Mzee akaomba asomewe, akatikisa kichwa.

"Futa," alisema. "Mwenyekiti alikuwa na kiti chake cha kuegemea. Hicho alikalia mwananchi aliyeleta shauri, asisimame kama mfungwa."

Kijana akafuta, akaandika upya. Kisha akakivuta kigoda karibu, akakifuta vumbi kwa kiganja chake, na habari ya mnunuzi haikutajwa tena.

Tukutane Jumapili ijayo.