Damu Yetu Nayo Ihesabiwe

Wako ndugu zetu wanaodhani kuwa dawa mpya hupatikana katika chupa za maabara peke yake. Siku hizi sivyo. Habari za maelfu ya watu, yaani damu yao, maradhi yao na chembe zao za urithi, hutiwa katika kompyuta, na wataalam wa takwimu hutafuta humo jambo ambalo daktari mmoja hawezi kuliona kwa macho.

Huko Dallas, Marekani, Helen Hobbs na Jonathan Cohen walitafuta watu, weusi kwa weupe, wenye mafuta mabaya kidogo mno katika damu. Mwaka 2005 walieleza kuwa baadhi ya weusi wana jeni moja, PCSK9, isiyofanya kazi. Mwaka 2006 wakatazama hesabu za Wamarekani weusi 3,363 waliofuatwa kwa miaka 15. Wenye kasoro hiyo hawakufika watatu katika kila mia, lakini hatari yao ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88! Kasoro ikawa kinga. Mwaka 2015 dawa zilizotokana na elimu hiyo zikaruhusiwa Marekani na Ulaya, na leo wanazitumia watu wa kila rangi.

Je, kama weusi wale wasingehesabiwa? Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika uchunguzi mkubwa wa jeni duniani, watu wa asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78, wa asili ya Afrika 2 tu. Na mwaka 2020 watafiti wa H3Africa walipowapima Waafrika 426 wa makabila 50, walikuta tofauti za urithi zaidi ya milioni 3 zisizojulikana kabla.

Wengine watasema nchi maskini ishughulike kwanza na vyandarua. Vyandarua tunavitaka. Lakini pamba yetu ilitoka ghafi ikarudi nguo ya bei kali. Hatukubali damu nayo iende hivyo. Vijana wafundishwe hesabu (sisi tuliosomea ualimu twajua wanavyoikimbia), kompyuta ziwe hapa, na mwenye damu aombwe ruhusa kwanza, kisha aelezwe kilichoonekana.

Ndugu wanachama, waulizeni wabunge wenu: vyuo vyetu vinafundisha vijana wangapi kazi hii, na damu inayotolewa kwa utafiti inahesabiwa wapi?